Matembezi mafupi ya maweni: shajara ya maandalizi, Jambiani hadi Kuumbi

Januari, wiki ya kwanza

Siku ya Mazoezi ya Viungo imepita salama. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya Zanzibar huvaa fulana za rangi na kumiminika barabarani, na kila mwaka baada ya hapo kikundi chetu cha mazoezi kinapata wanachama wapya wanaodumu mpaka joto la kaskazi liwashinde. Safari hii wameingia zaidi akina mama wa makamo. Wapo wenye presha, na mmoja goti lake limefanyiwa operesheni mwaka jana.

Kikao kimeamua kwamba kabla ya Ramadhani tutoke mjini, tutembee pahala pasipo lami. Mwenyekiti akasema, "Pawe pafupi na parahisi," watu wakapiga makofi, kisha akanigeukia mimi.

Jozani ilitajwa kwanza. Ina kivuli, njia zimesafishwa, kuna daraja la mbao kwenye mikoko na kima punju hawamkimbii mtu. Lakini nusu ya kikundi walishapelekwa na skuli zao, na waliobaki wamewapeleka watoto wao. Mwengine akataka Vumawimbi, Pemba. Tukapiga hesabu ya boti na gari za kule, tukanyamaza. Nikataja Kuumbi, pango lililo nyuma ya Jambiani, kwa kuwa ami yangu anaishi pale na ana konde upande huo. Ikapita.

Nimeandika shabaha kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: watu wasiozidi ishirini, asubuhi moja, kila mtu arudi kwa miguu yake, na asipatikane hata mmoja wa kuapa kwamba hatoki tena.

Ijumaa, baada ya sala

Nimempigia Ami.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Mjini wazima?"

"Wazima, alhamdulillah. Ami, nataka kuleta watu, tutembee mpaka Kuumbi. Ni mbali?"

"Si mbali. Mie huenda nikarudi chai haijapoa."

"Njiani kuna kivuli?"

"Kivuli cha nini? Mnakwenda kutembea au mnakwenda kulala?"

Nampenda Ami, lakini chai yake si kipimo. Amepita mawe yale tangu utotoni, na nyayo zake zimeota gamba. Pango lipo kilomita mbili na nusu hivi kutoka pwani, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama tano, na sisi Jumapili tunakimbia zaidi ya hapo kwenye lami. Kwa karatasi, hii ni safari ya mtoto wa madrasa. Hapo ndipo ninapoingia wasiwasi, maana Mwenyekiti ameshaanza kuwaambia watu "kilomita tano tu", na ile "tu" yake imewafikia hata wasiowahi kukanyaga maweni maishani.

Jumamosi usiku: kwa nini kilomita hazitoshi

Nayaandika haya kwa ajili ya wale waliozaliwa upande wa mashamba ya mikarafuu na minazi, wanaodhani Unguja yote ina udongo.

Upande wa mashariki na kusini ya kisiwa ni jiwe. Ni matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zamani, yakabaki nchi kavu, mvua ikayala kidogo kidogo mpaka yakawa na ncha na mashimo. Udongo upo, lakini umejificha ndani ya mashimo hayo, na humo ndimo watu wanamopanda mtama, kunde na mbaazi, shimo kwa shimo. Mvua nayo ipo. Unguja hupata wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka, ingawa mashariki hupungukiwa. Tatizo ni kwamba maji hayakai juu. Yakinyesha yanazama kwenye nyufa moja kwa moja, hakuna mto wala kijito, na unayakuta tena chini kwenye visima na mapango. Ndiyo maana, kwa mtu anayetembea juu, maweni yana tabia ya jangwa hata kama wingu limepita jana: hakuna pa kuteka maji njiani, kichaka ni kifupi, miti mikubwa ni ya kuhesabu, na jiwe jeupe linarudisha jua usoni kutoka chini.

Kwa hiyo nimeacha kupima kwa kilomita. Nitapima kwa kivuli, yaani kutoka mti unaoweza kukinga watu ishirini hadi mti mwengine kama huo ni dakika ngapi kwa mwendo wa yule mwenye goti.

Wiki ya pili

Binti wa shangazi yangu anaishi Phoenix, Arizona, na huko kupanda vilima vya jangwani ndiyo mapumziko ya wikiendi. Nikamwomba ushauri. Amenitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya harusi, lakini umejaa faida. Nachambua hapa yanayotufaa.

La kwanza ni saa. Kule Grand Canyon walinzi wa hifadhi wanawashauri watu wasitembee kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao. Na mji wa Phoenix, tangu 2021, hufunga baadhi ya njia za mlimani, Camelback ikiwemo, siku za tahadhari ya joto kali, kwa sababu wazima moto wamechoka kuwabeba watalii na hata wao wenyewe walikuwa wanaumia. Joto lao hupita nyuzi 40. Letu Januari ni 32 au 33, na nilipomtajia alicheka. Lakini akacheka tena kwa unyonge nilipomkumbusha unyevu. Hewa ya jangwani ni kavu, jasho hukauka kabla mtu hajaliona, ndiyo maana huko watu huishiwa maji bila kujijua. Yetu imejaa maji. Jasho linatiririka na halikauki, na mwili hupozwa na jasho linalokauka, si linalodondoka. Mtu wa kwetu akiwa amelowa chapachapa anajiona anapoa, kumbe joto limebaki ndani.

La pili, maji. Nusu lita kwa saa kwa mwendo wa kawaida, karibu lita nzima jua likiwa kali, na kunywa kidogo kidogo badala ya kungoja kiu kisha ukabugia. Akaongeza kitu ambacho wengi wetu hatukijui: kunywa maji matupu kwa wingi bila kula chochote chenye chumvi nako kunadhuru, maana chumvi ya damu inazimuliwa. Kule kwenye njia ndefu wanabeba vitafunio vya chumvi. Sisi tuna karanga za kukaanga, na mtu akipungukiwa sana, dawa ya chumvichumvi, au ile ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

La tatu limenichekesha. Anatembea na kitana mfukoni. Kuna mmea uitwao cholla, miba yake ikikugusa inabaki mwilini kwa kipande kizima, na hungoi kwa mkono maana nao utanasa. Unaingiza kitana katikati ya kipande na ngozi, unakirusha. Sisi hatuna cholla. Tuna upupu, na Januari maganda yake yanaweza kuwa makavu kabisa.

Yale ya mafuriko ya ghafla, ambayo kule hushuka kwenye mabonde makavu mvua ikinyesha mbali mlimani, nimeyaacha. Jiwe letu linameza.

Jumamosi: kupita njia na Ami

Nimekwenda Jambiani kwa daladala ya 309 jana jioni, nikalala kwa Ami, tukatoka asubuhi. Nimemwomba akae nyuma yangu. Hakupenda, lakini alikaa. Mbele angenifanya nitembee mwendo wake, na hapo vipimo vyote vingekuwa vya bure.

Kijiji kinanyooka na pwani, kwa hiyo kwenda bara ni kuipa bahari mgongo, uivuke lami iendayo Makunduchi, kisha uingie njia ya vumbi baina ya kuta za mawe yaliyopangwa kuzuia wanyama wasiingie konde. Kipande hiki hakina tabu, hata mwenye baiskeli anapita. Baadaye njia inakuwa ya mguu na jiwe linatokeza. Hapo kila hatua inataka macho. Nilijaribu kuzungumza huku natembea, nikajikuta nasimama kila nikitaka kumaliza sentensi. Mwendo wetu wa lami, wa kupiga soga na kucheka, hapa hauwezekani, na kwa kikundi chetu hilo ni jambo zito kuliko jua.

Kivuli: nimehesabu na kuchora. Kuna mbuyu mapema, mzuri wa kuegemea na kupigia picha, lakini kivuli chake kina matobo. Mti wa maana ni mkwaju ulio karibu nusu ya njia. Majani yake ni madogo lakini yamefumana, na chini pana nafasi ya watu wote kukaa. Baina ya mkwaju na pango kuna kipande cha wazi, watu walipokata kuni na kuchoma makaa, na hicho ndicho kipande kirefu kuliko vyote bila hifadhi. Ami anakipita bila kukitazama. Mimi nilitazama saa: kwa mwendo wa polepole ni zaidi ya robo saa.

Kisha jua lenyewe. Tunaelekea magharibi asubuhi, kwa hiyo wakati wa kwenda jua liko mgongoni na wakati wa kurudi liko usoni. Januari jua liko kusini yetu, basi miti iliyo mkono wa kushoto wa mtu anayekwenda bara ndiyo inayotupa kivuli njiani. Ya mkono wa kulia inafaidisha kichaka. Nimeiwekea alama ya kushoto tu. Upepo nao una mambo yake. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, tunakwenda nayo, na anayetembea pamoja na upepo hausikii. Nilidhani kichaka ndicho kilichouzuia, mpaka nilipogeuka kurudi ukanipiga usoni. Kwa hiyo joto baya litakuwa wakati wa kwenda, ingawa jua litakuwa chini zaidi. Watu waambiwe mapema wasikate tamaa.

Ami alinionyesha upupu, umetambaa juu ya ukuta wa mawe, maganda yana manyoya ya rangi ya dhahabu mazuri kuyatazama. "Usiwaambie wana wasiguse," akasema, "watagusa. Waonyeshe, halafu waambie ni mavi ya nyoka." Dawa yake ni jivu. Mimi nimeongeza plasta pana ya kubandika na kubandua, inayonyanyua yale manyoya kwenye ngozi kabla mtu hajaanza kujikuna na kuyasambaza.

Mtandao wa simu ulikamata njia nzima isipokuwa pangoni.

Siku hiyo hiyo, jioni: pango

Nilikuwa sijaingia Kuumbi tangu utoto. Dari limebomoka sehemu, mwanga unashuka na mizizi, na ubaridi unakupokea kabla hujafika chini. Baada ya jiwe lile la juu, mtu hataki kutoka, na hili ni la kupangiwa pia: watu wakikaa saa nzima kwenye ubaridi, watatoka jua limeshapanda.

Nataka mwenyeji awaeleze kidogo kuhusu pale, kwa sababu wengi wetu tunajua Mji Mkongwe na hatujui hili. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba hapo 2005, na watafiti wengine wakaja baadaye. Wamekuta zana za mawe na dalili za watu waliokaa hapo miaka ipatayo 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya pundamilia na nyati. Pundamilia Jambiani! Bahari ilikuwa chini mno wakati huo na Unguja ilikuwa imeshikana na bara, kwa hiyo mtu na mnyama walikuja kwa miguu. Pemba haikuwemo kwenye mkumbo huo, mkondo wake ni wa kina kirefu. Mpemba wetu mmoja kikundini nimeshamwandalia utani.

Pango pia ni pahala pa heshima kwa wenyewe. Watu huenda na nadhiri zao. Ami ameniambia nisilete kundi kabla ya kupita kwa sheha na kwa wanaolitunza, na kelele za kikundi cha mazoezi, zile filimbi na makofi, zibaki barabarani. Nimekubali kwa niaba ya watu ambao sijui kama watakubali.

Wiki ya tatu: maji, kwa kilo

Hesabu imekaa hivi. Kuanzia kushuka garini hadi kurudi ni saa tatu na nusu pamoja na mapumziko. Lita mbili kwa kila mtu, na lita moja ni kilo moja. Mama wa miaka sitini hatabeba kilo mbili mgongoni juu ya jiwe lenye ncha bila kulalamika, na akilalamika atamwachia mtu mwengine, na huyo mwengine atakuwa mimi.

Suluhisho: kila mtu abebe chupa ya lita moja na nusu, isiyo na majadiliano. Mtoto wa Ami atatangulia na baiskeli na dumu la lita ishirini, baiskeli itaishia jiwe linapoanza na dumu litabebwa mpaka chini ya mkwaju. Wakati wa kwenda hakuna kuligusa. Wakati wa kurudi, kila mtu anajaza.

Na kanuni moja niliyoichukua Arizona nikaifupisha: ukiona umekunywa nusu ya chupa na hujafika mkwajuni, sema. Usione haya. Hatukusimangi, tunageuka na wewe.

Wenye presha nimezungumza nao faraghani. Baadhi ya dawa za presha ni zile za kupunguza maji mwilini, humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mtu akiwa juani nazo anakauka haraka kuliko wenzake. Nimewaomba wapite kliniki wanakochukulia dawa waulize kabla, si kuacha kumeza asubuhi ile kwa kujiamulia. Mmoja alikuwa ameshapanga kuacha. Amekwenda, ameulizwa, amepewa ruhusa ya kutembea kwa masharti.

Dalili nimeziandika kwa mkono kwenye kipande cha karatasi na kuwapa viongozi wa safu. Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, misuli kukaza: kivulini, alale, miguu iinuliwe, maji kidogo kidogo. Akianza kusema ovyo au asijue alipo: hiyo ni hatari nyengine kabisa, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe bila kusita, na gari ianze safari ya hospitali bila kungoja kundi. Dereva ameambiwa asiende kulala pwani.

Mvutano wa viatu

Sikutegemea kwamba jambo gumu kuliko yote lingekuwa viatu. Nimetuma ujumbe: raba zenye soli nene, zilizofunga vidole. Malapa hayaruhusiwi. Majibu yalimiminika usiku kucha. Mmoja anataka kuja na makubadhi kwa sababu babu yake alitembea nayo. Mwengine raba zake ni mpya na nyeupe, hataki zichafuke. Jiwe lile linakata lapa kama kisu kikatavyo boflo, na nimewatumia picha ya soli ya lapa la zamani nililolikuta njiani. Mjadala ukatulia.

Nguo nimezigusa kwa uangalifu. Baibui jeusi linavuta joto na pindo zake zinanasa miba. Nimependekeza dera la pamba la rangi ya kufifia, suruali ndefu ndani, na kanga ya ziada ya kulowesha na kuweka kichwani. Wale akina mama wanaolima mwani pwani ya Jambiani wanajifunga hivyo na kuvaa pama juu, na hakuna aliyewahi kuwafundisha. Wanakaa kwenye maji yenye mng'ao wa jua kwa saa nyingi. Nilipowataja wao kama mfano, hakuna aliyebisha tena.

Chakula hakina haja ya maneno mengi. Tende, karanga, mihogo ya kuchemsha. Anayetaka urojo atausubiri Forodhani.

Ratiba, imepitishwa

Sala ya alfajiri, gari inaondoka saa kumi na moja na nusu. Jambiani saa moja kasorobo, jua limeshachomoza lakini halijawa na makali. Salamu kwa wenyeji, safu inatoka saa moja. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote yuko mbele, Ami yuko nyuma kabisa kuhakikisha hakuna anayebaki, na hakuna wa kumpita aliye mbele, hata Mwenyekiti.

Saa tatu kamili ni kugeuka, popote tulipo. Hili nimelipigania. Kuna waliosema, ikiwa saa tatu tumebakiza dakika kumi kufika, si tumalizie? Hapana. Dakika kumi za kwenda ni kumi za kurudi, na nusu saa ya kushangaa pango, halafu kile kipande cha wazi tukipite karibu saa nne jua likiwa limeshapanda. Kwetu Januari jua linafika utosini kama saa sita na nusu, si saa sita, kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki yetu. Nusu saa hiyo ya ziada inawadanganya watu wakadhani asubuhi ni ndefu.

Nimeweka pia jambo ambalo halikupendwa na Mwenyekiti mwanzoni: mkwaju ni kituo rasmi cha kuishia. Atakayeona inatosha, anakaa pale na mtoto wa Ami, mihogo na dumu, na anahesabiwa kuwa amemaliza. Mwenyekiti aliona hivyo ni kuwapa watu sababu ya kulegea. Nikamwuliza, yule mwenye goti, akifika mkwajuni anaumwa na hana ruhusa ya kusimama, atafanya nini? Atakwenda. Atakwenda kwa aibu, kisha tutambeba. Akakubali.

Jumapili yenyewe

Naandika kwa ufupi, nimechoka.

Gari ilichelewa kidogo kwa sababu ya mtu mmoja na chupa yake ya chai. Tulianza saa moja na dakika kumi na tano. Kipande cha vumbi kilipita kwa vicheko. Jiwe lilipoanza, kimya kikaingia, nikasikia soli tu na watu kuonyana, "hapo pana shimo", "shika mkono wangu". Hakukuwa na upepo, kama ilivyotarajiwa, na niliwakumbusha kwamba tutaupata kurudi. Hawakuniamini.

Mkwajuni tulipumzika. Mwenye goti na mama mwengine mmoja wakasema hapa ndipo, wakavua viatu, wakatandika kanga. Hakuna aliyewatazama vibaya. Tuliobaki tukavuka kile kipande cha wazi kwa kanga zilizoloweshwa, na hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na mtu wa polepole mbele: hakuna pengo lililotokea, na hakuna aliyekimbilia kivuli akajikwaa.

Pangoni tulifika saa tatu kasorobo. Mzee mwenyeji akawasimulia kwa sauti ndogo, watu wakamsikiliza kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kikundini kwetu. Alipofika kwenye pundamilia, Mpemba wetu akasema kwao hawakuhitaji pundamilia, walikuwa na akili. Nikala utani niliomwandalia.

Saa tatu nikasema twende. Walinung'unika. Tukaenda.

Upepo ukawapiga usoni, wakaniamini. Dumu lilikwisha karibu lote chini ya mkwaju. Mtu mmoja alipata kichefuchefu karibu na lami, akalazwa chini ya ukuta, akanywa maji ya chumvichumvi kwa kijiko, baada ya muda akaomba karanga. Upupu haukumgusa mtu yeyote. Plasta zimerudi nzima.

Saa nne na nusu tulikuwa pwani, miguu majini.

Baada, kabla ya kufunga daftari

Michango imetosha. Baki nimempa mtoto wa Ami kwa kazi ya dumu, na Ami mwenyewe hakutaka kitu, ila amesema watu wangu wanakwenda polepole kama wanaosindikiza maiti. Nimelichukua kuwa ni sifa.

Wanachama wanataka tena, na safari hii wanataka wao wenyewe kufika kote, hata yule wa goti. Baina ya sasa na hapo kuna Ramadhani, kisha masika, na masika sipeleki mtu: jiwe linateleza na majani yanafunika mashimo. Nimependekeza Julai, kipupwe, kusi likishakaa. Mchoro wangu wa vivuli hautafaa wakati huo. Julai jua litakuwa kaskazini yetu, kwa hiyo miti yote niliyoiwekea alama mkono wa kushoto itakuwa inakinga kichaka, na ile ya kulia niliyoiacha ndiyo itakayotukinga. Juni nitarudi kwa Ami nipite njia upya na saa mkononi.